Mita Mia Moja Baharini: Historia ya Kurusha Mshipi kutoka Ufukweni

Chukua jiwe la gramu 150, simama ufukweni, ulirushe baharini kwa nguvu zako zote. Kama una mkono mzuri, litaanguka mita 50 hivi mbele yako. Sasa fikiria kwamba wapo watu wanaoshindana kurusha chubwi ya uzito huohuo, ikiwa imefungwa kwenye mshipi, na wanavuka mita 250. Mkono wao ni wa nyama na mifupa kama wako. Hizo mita 200 za ziada zimetoka wapi?

Wengi tungejibu haraka: kwenye fimbo. Fimbo ni ndefu, inapinda kama upinde, inasukuma chubwi. Jibu hilo si baya, ila linaacha sehemu kubwa ya hadithi. Fimbo ndefu zilikuwepo zamani sana, na bado mvuvi wa ufukweni wa karne ya 19 alihangaika kufika mbali. Kilichomfunga hakikuwa mbele ya mkono wake. Kilikuwa chini yake, pale mshipi ulipokunjwa. Makala hii inafuata tatizo hilo moja, kuanzia kisiwa kidogo cha Marekani hadi maabara za ndege za Uingereza, na mwishoni inauliza kitu ambacho watu wa vifaa huwa hawakiulizi: baada ya sisi kufika mbali hivyo, samaki walienda wapi?

Kwa nini mvuvi atake kufika mbali?

Ufuo wenye mawimbi si mahali tulivu. Mawimbi yanapofika maji machache huvunjika, na nguvu zake huchimba mchanga na kuupanga upya kila siku. Mara nyingi unapata fungu la mchanga lililojificha chini ya maji, na kati ya fungu hilo na nchi kavu kuna mfereji wenye kina kikubwa zaidi. Wimbi linapochimba, linafukua kaa, minyoo na kome. Hapo ndipo samaki wawindaji hujia chakula, hasa maji yanapojaa.

Boti haipendi mahali kama hapo, kwa sababu wimbi linaweza kuipindua. Wavu nao unazolewa na kujaa mwani. Kwa hiyo kwa miaka mingi eneo la mawimbi lilikuwa kama ngome ya samaki: karibu kabisa na binadamu lakini vigumu kufikika. Anayetaka kuvua humo bila kuingia majini anabaki na njia moja tu, kurusha.

Hapa kwetu Afrika Mashariki njia ya zamani inajulikana. Mvuvi anakunja mshipi wake kwa mizunguko mizunguko mchangani au kwenye kipande cha ubao (siku hizi hata chupa ya plastiki), anaizungusha chubwi hewani, kisha anaachia. Chubwi inaondoka na mshipi unafuata, duara moja baada ya jingine. Ukumbuke mshipi huo uliolala mchangani, maana tutaurudia. Ndani yake kuna wazo ambalo kwingineko lilikuja kusajiliwa kama uvumbuzi.

Cuttyhunk, 1864

Twende kwanza pwani ya Massachusetts. Mwaka 1864 matajiri wa New York walianzisha klabu ya uvuvi katika kisiwa cha Cuttyhunk. Walichokifuata ni samaki mmoja: besi wa mistari, anayezaliana katika mito na ghuba za mashariki ya Marekani, kama Chesapeake na Hudson, kisha akaogelea kuelekea kaskazini kando ya pwani wakati wa machipuko. Ni samaki mkubwa, anaweza kupita kilo 20, na anapenda maji meupe yanayochemka penye miamba.

Angalia walivyotatua suala la umbali. Hawakurusha mbali, walijenga. Walitengeneza vidaraja vyembamba vya mbao juu ya miamba, na mwisho wa kila kidaraja wakaweka jukwaa dogo la kukaa. Wanachama walipiga kura kugawana majukwaa. Kila mmoja alikuwa na msaidizi wa kulipwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuweka chambo kwenye ndoana na kumwaga vipande vya chakula majini ili kuwaita samaki. Chambo kilichopendwa kilikuwa nyama ya kambakoche. Ndiyo, kambakoche yuleyule ambaye leo bei yake hotelini inakufanya urudishe menyu mezani.

Mshipi wao ulikuwa wa kitani, uliosokotwa kwa nyuzi nyingi, na aina hiyo ya mshipi ikaja kuitwa kwa jina la kisiwa chenyewe, Cuttyhunk. Kitani kina sifa ya pekee: kikilowa kinakuwa imara zaidi kuliko kikiwa kikavu. Hasara yake ni kwamba kikikaa na unyevu kinaoza. Kila jioni mshipi wote ulipaswa kufunguliwa, kusuuzwa na kuanikwa. Usipoanika leo, kesho samaki wa maisha yako anaondoka nao.

Ulikunjwa kwenye rili, yaani kile kifaa kinachofungwa kwenye fimbo chenye kigurudumu cha kuzungusha mshipi. Na hapa ndipo penye tatizo letu.

Kigurudumu kinachokula nguvu zako

Neno “tatizo” lina undugu na “kutatiza”, kufanya uzi ujifunge mafundo. Hakuna mahali undugu huo unaonekana wazi kuliko kwenye rili ya kizamani.

Ukirusha chubwi, inauvuta mshipi. Mshipi unakizungusha kigurudumu. Maana yake nguvu za mkono wako haziendi zote kwenye chubwi, sehemu inatumika kukizungusha kigurudumu. Kiasi gani? Tufanye hesabu rahisi. Tuseme kigurudumu pamoja na mshipi ulioloa kina uzito wa gramu 200, na tukichukulie kama sahani iliyojaa. Ukikokotoa nishati ya mzunguko, nusukipenyo kinajifuta chenyewe na unabaki na jibu zuri: kukizungusha kigurudumu hicho kunakugharimu sawa na kurusha gramu 100 zaidi. Ila hizo gramu 100 haziruki. Zinabaki mkononi mwako zikizunguka. Kama chubwi yako nayo ni ya gramu 100, basi nusu ya kazi uliyofanya imeliwa na kifaa.

Hilo ni nusu tu ya balaa. Chubwi ikiondoka kwa mwendo wa mita 30 kwa sekunde, na nusukipenyo cha kigurudumu ni sentimita 2.5, kigurudumu kinazunguka karibu mara 190 kwa sekunde moja, yaani zaidi ya mara 11,000 kwa dakika. Baada ya hapo chubwi inaanza kupungua mwendo kwa sababu ya upinzani wa hewa. Kigurudumu hakina habari. Kinaendelea kuzunguka kwa kasi yake ileile na kumwaga mshipi ambao hakuna anayeuhitaji. Kufumba na kufumbua una fundo kubwa la uzi, safari imeishia hapo, na kama mshipi umekatika, chubwi imeenda zake na chambo chake.

Breki ilikuwa dole gumba. Mvuvi alikigusa kigurudumu kwa upole chubwi ikiwa hewani, akipunguza kasi kwa hisia tu. Kitani kilicholowa, chembe za chumvi, mizunguko elfu kumi kwa dakika: ngozi haikuweza. Ndiyo maana wavuvi wa besi walivaa vifuniko vya dole gumba vilivyofumwa au kushonwa kwa ngozi. Kurusha vizuri kulichukua miaka kujifunza, na kujifunza kulikuwa kwa wenye muda na pesa. Tusisahau kwamba majukwaa yale ya Cuttyhunk yalijengwa kwa sehemu kwa sababu kifaa chenyewe kilikuwa kibishi.

Wazo kutoka kiwanda cha nyuzi

Suluhisho la kwanza linashangaza kwa urahisi wake: usikizungushe kigurudumu kabisa.

Mwaka 1884, huko Perth nchini Scotland, P. D. Malloch alisajili rili yenye kigurudumu kinachoweza kugeuzwa robo duara. Wakati wa kurusha unakigeuza upande wake uangalie mbele, kama mtu anayekuonyesha uso wa sahani, na mshipi unateleza kutoka ukingoni bila kigurudumu kusogea. Ukimaliza kurusha unakirudisha na kukunja mshipi kama kawaida.

Mwaka 1905 Alfred Holden Illingworth, mtu wa Bradford kwenye viwanda vya nguo vya kaskazini mwa Uingereza, akasajili rili ambayo kigurudumu chake kinaangalia mbele muda wote. Hakizunguki wakati wa kurusha, na wakati wa kukunja ni mkono mdogo wa chuma unaozunguka pembeni na kuulaza mshipi juu yake. Kwa mtu wa Bradford hilo lilikuwa jambo la kila siku. Katika mashine za nguo uzi huvutwa kwa kasi kubwa kutoka kichwani mwa bobini iliyosimama, na bobini haitikisiki. Kilichofanya kazi kwa sufu kilifanya kazi kwa mshipi.

Sasa rudi kwenye ule mshipi uliolala mchangani. Mizunguko iliyokunjwa chini, ikifuata chubwi moja baada ya nyingine, bila kitu chochote kuzunguka: ni kanuni ileile. Mvuvi wa mshipi wa mkono hakuwahi kuwa na tatizo la kigurudumu kwa sababu hakuwa na kigurudumu. Kilichokosekana kwake ni urefu wa fimbo na namna ya kukunja haraka. Mimi hupenda sana mfano huu, kwa sababu unaonyesha kwamba kifaa cha kisasa si lazima kiwe kimeiacha nyuma fizikia ya kifaa cha zamani. Wakati mwingine kimezunguka dunia nzima kurudi palepale.

Kila kitu kina gharama. Mshipi unapoteleza kutoka upande wa kigurudumu, kila duara linaacha msokoto mmoja kwenye mshipi. Jaribu kwa kamba ya viatu: izungushe kwenye kidole, kisha ivute kwa kupitia ncha ya kidole badala ya kuifungua. Utaona imejisokota. Katika rili ya Illingworth ule mkono wa chuma unaondoa sehemu kubwa ya msokoto wakati wa kukunja. Katika aina ya Malloch, ambapo unarusha kwa upande na kukunja kwa mbele, msokoto unabaki na kuongezeka kila urushapo, hivyo lazima uweke viungo vinavyozunguka karibu na ndoana.

Pamoja na kasoro hiyo, aina ya kugeuza ilipata makao ufukweni kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1920, huko Brisbane, Charles Alvey alianza kutengeneza rili za namna hiyo, na kwa miongo mingi zikawa alama ya fukwe za Queensland. Sababu ni ya kiufundi kabisa. Ufukwe una adui wawili wa mashine, mchanga na chumvi. Rili ya Alvey ilikuwa na sehemu chache mno zinazosogea: kigurudumu kikubwa, mhimili, mpini. Ikianguka mchangani unaichovya baharini, unaitikisa, unaendelea. Usahihi wa kiwanda cha saa haukuwa na nafasi hapo.

Mafundi wa saa nao wakaja

Mahali pengine, usahihi huohuo ndio uliobadilisha mambo. Huko Cluses, katika milima ya Alps ya Ufaransa, eneo lenye mafundi wa sehemu za saa, kampuni ya Carpano & Pons ilitoa rili ya Mitchell 300 mwishoni mwa miaka ya 1940. Ilikuwa ya kanuni ya Illingworth, ila kwa gia zilizokatwa kwa ustadi na bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kujikusanyia. Mtu aliyejifunza leo asubuhi alirusha bila fundo jioni. Yale majukwaa ya kupigiwa kura yakawa hayana maana tena. Ufuo ukawa wa kila mtu.

Rili ya kigurudumu kinachozunguka haikufa. Huko Svängsta, Sweden, kulikuwa na kiwanda kilichoanza mwaka 1921 kwa kutengeneza saa na mita za teksi. Jina lake, ABU, linatokana na maneno ya Kiswidi ya “kiwanda cha saa”. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilitoa rili ya Ambassadeur yenye breki za kani pewa: vipande vidogo vinavyotelezeshwa nje kadiri kigurudumu kinavyozunguka kwa kasi, vikasugua ukingo na kukipunguza. Kazi ya dole gumba ikahamia ndani ya chuma. Kigurudumu chenyewe kikafanywa chepesi, kwa hiyo zile gramu 100 tulizozihesabu zikapungua sana.

Ajabu ni kwamba wanaoshikilia rekodi za umbali mara nyingi hutumia aina hii ya kuzunguka, si ile isiyozunguka. Kwa nini? Katika rili isiyozunguka, mshipi unatoka kwa mizunguko mipana inayogonga pete ya kwanza ya fimbo na kusuguana nayo. Katika ile inayozunguka, mshipi unatoka umenyooka. Mkono wa bingwa unaweza kulipia gharama ya kigurudumu chepesi. Kwa sisi wengine, isiyozunguka inatutosha na inatusamehe.

Uzi wa maabara

Hata rili nzuri haiwezi kuokoa mshipi mnene. Chubwi ikiruka inaburuza nyuma yake makumi ya mita za uzi angani, na upepo unausukuma kulingana na unene wake. Ukipunguza kipenyo cha mshipi kwa nusu, eneo linaloshikwa na upepo kwa kila mita nalo linakuwa nusu. Pia unabeba uzito mdogo.

Mwaka 1935 Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont walitengeneza nailoni. Kampuni iliitangaza rasmi mwaka 1938. Uzi mmoja mzima wa nailoni, usiosokotwa, ulikuwa laini, haukuoza, haukuhitaji kuanikwa, na ulikaribia kutoonekana majini. Matoleo ya kwanza yalikuwa magumu na yalijikunja kama waya, lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 yalikuwa yameboreshwa. Nailoni na rili isiyozunguka zilioana vizuri mno, maana uzi laini huteleza ukingoni bila kukwama. Katika miaka ya 1990 zikaja nyuzi za polithilini zilizosukwa, nyembamba kuliko nailoni kwa nguvu ileile.

Sisi pia nailoni tunaijua, na tunajua upande wake wa pili. Sifa iliyompendeza mvuvi, yaani kutooza, ndiyo inayofanya kipande kilichokatika kiendelee kunasa viumbe kwa miaka mingi baada ya mwenyewe kwenda nyumbani. Nyavu za uzi huohuo mmoja, zile tunazoziita timba, zimepigwa marufuku Tanzania. Mshipi wa kitani wa Cuttyhunk ulikuwa kero, lakini ukipotea ulioza na yakaisha.

Fimbo, mwili, na hatari

Sasa tuifikie fimbo. Fimbo za mwanzo zilikuwa za mianzi na mbao nzito. Mwanzi mzuri ni kitu cha ajabu, lakini kila mmoja ni tofauti na mwenziwe na unachoka. Mwaka 1947 kampuni ya Shakespeare ilileta sokoni fimbo ya nyuzi za kioo, kwa mbinu iliyobuniwa na Arthur Howald. Ilivumilia chumvi, jua na kukanyagwa. Baadaye, katikati ya miaka ya 1960, watafiti wa kituo cha ndege cha Farnborough, Uingereza, walipata njia ya kutengeneza nyuzi imara za kaboni kwa ajili ya ndege, na kufikia miaka ya 1970 nyuzi hizo ziliingia kwenye fimbo. Kaboni ni nyepesi na ngumu, hivyo inarudi haraka ikipindwa. Kasi ya kurudi ndiyo inayokuwa kasi ya chubwi.

Vifaa vilipokomaa, mwili nao ukabidi ujifunze upya. Urushaji wa zamani ulikuwa wa juu ya kichwa, kama kupiga nyundo. Katika miaka ya 1960 Leslie Moncrieff, mvuvi maarufu wa Dungeness katika Kent, alieneza mtindo wa kuegemea nyuma na kutumia mgongo na miguu badala ya mikono peke yake. Kisha ukaja mtindo wa pendulamu: chubwi inabembezwa mbele na nyuma, na inapofika kilele cha nyuma mrushaji anageuka mwili mzima na kuivuta kwenye duara kubwa. Siri ni kwamba fimbo inaanza kupinda mapema, na chubwi inasukumwa kwa njia ndefu zaidi kabla ya kuachiwa.

Hapa lazima tuongee kuhusu usalama. Katika ombwe, ukirusha kwa pembe ya nyuzi 45, kufika mita 100 kunahitaji mwendo wa mita 31 kwa sekunde, kama kilomita 113 kwa saa. Mita 250 zinahitaji karibu kilomita 180 kwa saa, na hewa inaongeza hesabu. Chubwi ya risasi ya gramu 150 kwa mwendo huo ni silaha. Mshipi mwembamba unaofaa kwa umbali hauwezi kuhimili mvuto wa kurusha, kwa hiyo mita kadhaa za mwanzo huwekwa uzi mnene. Wavuvi wa Uingereza wana kanuni yao, kwamba kila aunsi ya chubwi (gramu 28) inahitaji uzi mnene wenye uwezo wa ratili 10 (kilo 4.5). Chubwi ya gramu 140 inataka uzi wa kilo 23 hivi. Anayepuuza kanuni hii hajihatarishi mwenyewe tu, anamhatarisha mtoto anayejenga nyumba ya mchanga mita 80 pembeni.

Na samaki je?

Ukisoma historia hii kwa upande wa vifaa, ni ushindi mtupu. Kiwanda cha nguo, mafundi wa saa, maabara ya kemia, kituo cha ndege: wote walichangia kumfikisha mvuvi ng’ambo ya fungu la mchanga. Ngome ya mawimbi ikafunguka.

Besi wa mistari aliporomoka vibaya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Tuwe waadilifu: fimbo za ufukweni hazikufanya hivyo peke yake. Zilikuwepo nyavu za biashara, na makazi ya mayai na vifaranga yaliharibika. Lakini fimbo zilikuwa nyingi mno kusingiziwa kuwa hazina hatia. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumhifadhi, na jimbo la Maryland likasimamisha uvuvi wake kabisa kuanzia 1985 hadi 1990. Mwaka 1995 ikatangazwa kwamba amerejea. Ni moja ya hadithi nzuri za uhifadhi wa samaki.

Halafu inakuja sehemu ambayo mimi naiona ndiyo funzo. Wavuvi wa burudani walijizoesha kumrudisha samaki majini akiwa hai, na waliamini kwamba hilo limemaliza dhambi. Wataalamu wanaosimamia samaki huyu hukadiria kwamba asilimia 9 ya wanaorudishwa hufa baadaye kwa majeraha au uchovu. Asilimia 9 inaonekana ndogo. Izidishe kwa mamilioni ya samaki wanaorudishwa kila mwaka. Tathmini iliyotolewa mwaka 2019 ilionyesha kwamba samaki huyu anavuliwa kupita kiasi tena, na kwamba karibu nusu ya waliouawa na uvuvi mwaka 2017 walikuwa hawahawa: waliovuliwa kwa burudani, wakarudishwa, wakafa bila kuliwa na mtu.

Hatua zilizofuata ni za vipimo na umbo la chuma. Kwa pwani ya bahari ikawekwa kwamba unachukua tu samaki aliye ndani ya urefu fulani, na mwaka 2023 kiwango hicho kikabanwa kuwa kati ya sentimita 71 na 79 hivi, ili wakubwa wanaotaga mayai mengi waachwe. Kuanzia 2021, anayetumia chambo asilia kumvua besi lazima atumie ndoana ya duara. Ncha yake imegeukia ndani, kwa hiyo samaki akiimeza haishiki koo wala tumbo. Inateleza hadi kwenye pembe ya taya na kushika hapo. Uvumbuzi mdogo kuliko zote tulizotaja, na pengine ndio pekee katika orodha yote unaotumika kwa faida ya samaki.

Afrika Kusini walichukua njia nyingine, kukirudishia kipande cha ufuo ngome yake. Huko De Hoop, pwani ya kusini ya Rasi, hifadhi ya bahari ilianzishwa katikati ya miaka ya 1980 na uvuvi wa fimbo ukasimamishwa. Watafiti waliendelea kuvua humo kwa fimbo zilezile, wakipima na kurudisha, na katika miaka michache waliona kiwango cha kunasa samaki wengi wa ufukweni kikipanda. Tangu mwaka 2002 nchi hiyo pia imekataza kwa ujumla magari ya burudani kwenye fukwe zake. Sheria hiyo ililenga zaidi vichuguu vya mchanga na ndege wanaotaga ufukweni, lakini ina mantiki ileile: gari ni njia nyingine ya kurefusha mkono.

Kwa hiyo ukimwona mtu ufukweni na fimbo ya mita nne, ukapata nafasi ya kuishika, kabla hujaomba kufundishwa pendulamu angalia maji kwanza. Tafuta ule mfereji kati ya fungu la mchanga na miguu yako, pale maji yanapokuwa meusi kidogo na mawimbi hayavunjiki. Mara nyingi uko mita 20 au 30 tu kutoka nchi kavu. Maji yakijaa, samaki huja kula humo, na chubwi inayopita juu ya vichwa vyao kwa kilomita 150 kwa saa haiwahusu. Umbali huo hata mshipi uliokunjwa mchangani unaufikia.